Mguu Mmoja Ukivimba kwa Anayejidunga

Kijana anayejidunga unga akivimba mguu mmoja, usiukande. Najua maji ya moto na chumvi ndiyo tiba ya kwanza kwenye nyumba nyingi za Morogoro, Msamvu hata Kinole na Mgeta huko Uluguru. Lakini bonge la damu iliyoganda kwenye mshipa wa paja likisuguliwa laweza kung'oka, likapita kwenye moyo na kuziba mapafu. Mtu anaweza kufa papo hapo.

Sindano huumiza ukuta wa mshipa kila siku, na heroini ya mtaani imechanganywa na vitu visivyoyeyuka. Akishalewa husinzia saa nyingi kajikunja, damu ya miguuni ikitembea polepole. Mishipa ya mikono ikishakufa, wengi huhamia kinenani, kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu ya mguu mzima. Hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Nyumbani watasema ni matende, au katupiwa kitu. Matende hayaji kwa siku mbili. Mguu uliovimba ghafla, unaouma kigimbi au paja na kuwa wa moto kuliko mwenzake, ni wa hospitali leo. Akiwa na homa kali, huenda bonge limeingiwa na vijidudu. Akihema, kifua kikamchoma anapovuta pumzi, au akikohoa damu, msisubiri kukuche. Kama mko milimani, tafuteni gari, msimshushe kwa miguu.

Mkifika, semeni kweli: anajidunga wapi, na mara ya mwisho lini. Daktari akijua, ataagiza ultrasound ya mishipa badala ya kuhangaika na malaria. Mtajieni pia dawa za kifua kikuu au za VVU kama anatumia, kwani rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya wafarini, inayozuia damu kuganda, na ya methadoni, inayotolewa badala ya heroini. Na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, isifichwe. Huanza saa chache tu baada ya dozi ya mwisho, na ndiyo inayowatorosha wagonjwa wodini kabla dawa haijafanya kazi. Muuguzi aambiwe mapema.

Dawa za kuzuia damu kuganda hutumika angalau miezi mitatu, hata uvimbe ukiisha. Asichanganye na diklofenaki ya dukani, atavuja damu.

Kama leo hawezi kuacha, basi aache kinena, atumie sindano mpya kila mara, asiazime ya mwenzake. Kukemea peke yake hakujamponya mtu. Methadoni hunywewa, haidungwi, kwa hiyo mishipa hupumzika. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na baadaye huduma ikafika Mbeya, Dodoma na Mwanza. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kituo kilicho karibu nawe.