Kabla Hujanunua Ngozi, Uliza Ilisindikwa kwa Dawa Gani

Wateja wangu wengi huanza na swali moja: "Fundi, hii ni ngozi kweli?" Swali zuri, ila halitoshi. Mkanda unaweza kuwa wa ngozi halisi ya ng'ombe na bado ukavutika na kulegea mapema. Ala ya kisu inaweza kuwa ya ngozi halisi na ikagoma kabisa kushika umbo. Ng'ombe ni yule yule. Tofauti imeletwa na dawa iliyotumika kiwandani. Nashona mikanda, pochi, mikoba na makubadhi, na kazi hii imenifundisha kuuliza swali la pili kabla ya kutoa hela: ngozi hii ilisindikwa kwa dawa gani, magome au kromu?

Nitaeleza aina moja moja, kisha nitakupa vipimo unavyoweza kuvifanya mwenyewe.

Ngozi isiyosindikwa

Ngozi ikitoka kwa mnyama, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ukiiacha hivyo inaoza. Ukiitia chumvi au ukiiwamba ikauke, itakaa, lakini haijasindikwa bado: ikilowa inarudi kuwa mbichi na inaoza kama kawaida.

Hata hivyo ina kazi yake. Ngoma huwambwa kwa ngozi ya aina hii. Huvalishwa ikiwa imelowa, na ikikauka inajikaza yenyewe mpaka inalia. Ndiyo maana wapigaji huipasha moto penye unyevunyevu: ikinyonya maji inalegea na mlio unafifia. Ukimpelekea fundi ngoma ngozi laini ya koti hatakuwa na la kuifanyia, kwa sababu imelainishwa kwa mafuta na haijikazi tena.

Ngozi ya magome

Ngozi imejengwa kwa nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Kusindika ni kuziingizia nyuzi hizo dawa itakayozishika zisioze tena. Kwanza ngozi hulowekwa kwenye chokaa ili manyoya yatoke, hukwanguliwa nyama na mafuta, chokaa hutolewa, ndipo dawa huingia.

Dawa ya zamani kuliko nyingi ni tanini, ile inayofanya gome au chai kali ikaushe ulimi. Katika ukanda wetu mti maarufu kwa tanini ni muwati, uliotoka Australia na kustawi kwenye nyanda za baridi. Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati yaliyoanzishwa tangu 1949, na magome yake hukamuliwa dawa inayouzwa mpaka nje ya nchi. Pwani nako magome ya mikoko yana tanini nyingi. Wakati wa Wajerumani yalikuwa yakisafirishwa kutoka delta ya Rufiji kwenda kusindika ngozi Ulaya. Ngozi ya mikoko hutoka nyekundu, ya miwati hutoka kahawia hafifu na huiva rangi kadiri inavyopigwa na jua na kushikwa na mikono.

Njia hii ni ya polepole. Kwenye mashimo ya kuloweka, ngozi nene ilichukua wiki nyingi, hata miezi. Viwanda vya leo vinavyotumia mapipa yanayozunguka na dawa iliyokolezwa hupunguza muda huo hadi siku chache.

Matokeo yake ni ngozi nzito, iliyojaa, ngumu kiasi, inayokubali kuchongwa na kupigwa mihuri. Ukiilowesha na kuikandamiza kwenye kalibu, ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Kwa hiyo naitumia kwa mikanda, ala za visu na sime, soli, na nyayo za makubadhi. Makubadhi ya ngozi ya magome huanza kwa kukubana, kisha yanachukua umbo la mguu wako, na hapo hutaki tena kuyavua.

Udhaifu wake ni maji na moto. Tone la maji huacha doa. Ikilowa ukaianika juani au karibu na jiko, inasinyaa, inakakamaa na kupasuka. Ianike kivulini, na kabla haijakauka kabisa ipake mafuta kidogo au nta ya nyuki.

Ngozi ya kromu

Mwaka 1884 Augustus Schultz alipata hataza Marekani kwa njia ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromu, na biashara ikageuka. Kazi ya wiki nyingi ikawa ya siku moja au pungufu. Leo sehemu kubwa ya ngozi duniani inasindikwa hivi. Inapotoka kwenye dawa, ikiwa bado na maji, huwa na rangi ya bluu iliyopauka, na wafanyabiashara huiita wetibluu. Ngozi nyingi ya Afrika Mashariki imeuzwa nje ikiwa katika hatua hiyo, ikamaliziwa kwa wenzetu na kuturudia kama viatu.

Ngozi ya kromu ni nyepesi, laini, inavutika, inashika rangi yoyote, na inavumilia maji na joto kuliko ya magome. Ni nzuri kwa sehemu ya juu ya kiatu, mikoba laini, makoti na makochi. Kwa mkanda wa tabaka moja mimi siitumii: inavutika, na kingo zake hazisuguliki zikang'aa. Kuipa umbo kwa maji nako ni kazi bure.

Wengi huniuliza kama kromu ni sumu. Kromu inayotumika kusindika ni ile ya aina ya tatu. Inayoogopwa ni ya aina ya sita, ambayo inaweza kujitokeza ngozi isiposindikwa au kuhifadhiwa vizuri. Tangu 2015 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa za ngozi zinazogusa mwili zenye miligramu 3 au zaidi za kromu hiyo kwa kilo. Ukitaka kuuza nje, anza kwa kumuuliza mwenye kiwanda cheti cha kipimo hicho. Na vipande vya ngozi ya kromu usivigeuze kuni: majivu yake yanaweza kuwa na hiyo hiyo ya aina ya sita.

Viwanda vingine huchanganya njia hizi, kromu kwanza kisha magome. Buti nyingi za kazi hutengenezwa kwa ngozi ya mchanganyiko: haiogopi maji sana, na bado ina mwili.

Shabu na mafuta

Shabu hutoa ngozi nyeupe na laini inayopendeza macho, lakini ukiiosha dawa inatoka na ngozi inarudi kukakamaa. Iache kwa vitu vya pambo. Mafuta ya samaki nayo hutoa ngozi ya kondoo laini sana, inayonyonya maji, ile ya kufutia vioo vya magari. Hii unaweza kuifua na kuikamua bila wasiwasi.

Mnyama naye ana neno

Ngozi ya ng'ombe ni nene, kwa hiyo kiwanda huipasua tabaka. Tabaka la juu, lenye uso wa asili, ndilo imara. La chini lina manyoya manyoya pande zote, na mara nyingi hupakwa plastiki lifanane na la juu. Ni ngozi halisi, lebo haisemi uongo, ila halitadumu kama lile la juu. Ya mbuzi ni nyembamba lakini ina nguvu kuliko unavyodhani, na inafaa kwa pochi na bitana. Ya kondoo ni laini na imelegea: koti sawa, gidamu ya ndara hapana.

Angalia unene pia. Mkanda mimi naukata kwenye ngozi ya milimita 3 hadi 4, pochi kwenye ya milimita 1 hadi 1.5.

Jinsi ya kuitambua

1. Tazama ukingo uliokatwa. Kahawia mpaka katikati, huenda ni ya magome. Mstari wa kijivu au bluu katikati, ni ya kromu.

2. Dondosha tone la maji mahali pasipo na rangi ya juu. Ya magome hulinywa na kuwa nyeusi kidogo. Ya kromu mara nyingi hulikawiza.

3. Omba kipande kidogo, ukitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili. Ya magome hujikunja na kuwa ngumu. Ya kromu iliyosindikwa vizuri hutoka kama ilivyoingia.

4. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki siku kadhaa, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili hewa itoke. Tone la maji hayo hugeuza ngozi ya magome kuwa nyeusi papo hapo, kwa sababu chuma na tanini hukutana. Ya kromu tupu haigeuki hivyo. Mimi hutumia siki hiyo hiyo kupaka mikanda rangi nyeusi isiyochujuka.

Kipimo kimoja kinaweza kukudanganya, hasa kwa ngozi ya mchanganyiko. Fanya viwili, kisha amua.

Ukienda soko la Kariokor au kwa muuzaji wa mtaani kwako, anza kwa kusema unataka kutengeneza nini, halafu uliza dawa, unene na tabaka. Muuzaji anayeijua ngozi yake atakujibu mara moja na kukukatia kipande cha kujaribia. Asiyeweza kujibu, nunua kwake kidogo tu mpaka umeipima.