Mama wa Mbala na ubao wake wa chaki

Leo siongelei matangazo, naongelea chakula. Vumilieni kidogo.

Mwezi uliopita nilivuka Kasesya kwenda Mbala, Zambia, kuangalia vitenge. Kutoka Sumbawanga unapita Matai, unagonga muhuri mpakani, unaendelea. Kule saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo tumbo langu lilikuwa saa saba na wao bado saa sita. Nikaelekezwa kwa mama anayepikia nyumbani kwake. Hana bango. Ana mabenchi mawili uani na ubao wa chaki mlangoni.

Ubaoni vyakula vinne tu, kila kimoja na bei yake kwa kwacha: nshima (ugali wetu huu huu) na kuku, nshima na kapenta, ambao ni dagaa kama wetu wa Kasanga, nshima na ifisashi, yaani mboga za majani zilizoungwa karanga, halafu chikanda. Sijakaa vizuri, mama akatoka na kitambaa akafuta kuku. "Kuku ameisha, mwanangu, usije ukangoja bure."

Nilishtuka, maana nilikumbuka dhambi yangu. Mwaka jana dada mmoja wa Mpanda alinilipa 45,000 ya kitenge nilichokuwa nimeshauza siku mbili nyuma. Picha niliiacha tu kwenye ukurasa. Badala ya kumwambia ukweli nikasema "kinakuja", kumbe hela yake nimeshaichanganya kwenye mzigo mwingine. Alikuwa anakitaka kwa sendoff ya mdogo wake. Nilimrudishia baada ya siku nne, sendoff imeshapita. Alinijibu neno moja, "asante", mpaka leo hajanunua tena.

Turudi mezani. Niliuliza chikanda ni nini. Kwa macho unaweza kudhani ni nyama, inakatwa vipande kama keki. Mama hakusema "tamu sana, jaribu". Alisema ni viazi vya maua ya porini, vimetwangwa, vimepikwa na unga wa karanga na pilipili, nyama hamna. Akanikatia kipande kidogo nionje kwanza. Nikanunua vipande viwili, na kimoja nikala njiani. (Maua hayo ni okidi, na huku kwetu nyanda za juu yanachimbwa pia. Usije ukaanza biashara ya kuyavusha bila kibali, okidi zinalindwa kisheria. Tuendelee.)

Sasa angalia kurasa zetu. Picha nzuri, chini yake "bei njoo inboksi". Mteja wa Namanyere anaunguza bando kuulizia kitu ambacho labda hata hakimfai. Yule mama bei ameandika mlangoni, ukiwa huna unageuza bila aibu.

Mimi nilivyorudi nilianza na kufuta. Picha 60 zilibaki 17. Iliniuma, ukurasa ukaonekana mtupu kama duka la mwezi wa Januari. Kila picha nikaweka bei, urefu wa kitambaa, na kama kinachuja rangi nasema kinachuja. Kikiuzwa, nafuta kabla sijafunga mzigo, siyo jioni, jioni unasahau. Na hela ya mteja siigusi mpaka mzigo upande basi. Hilo la mwisho ndilo gumu, hasa wiki ya kodi ya fremu.