Chama Kimegawanyika, na Tajiri Anataka Kutufungulia Kingine

Mwanangu M.N. wa Buyenzi, Bujumbura,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Chama chenu kimekatika pande mbili: mmoja umetambuliwa na wizara, mwingine umebaki na watu bila ofisi. Ninyi vijana mmechoka, na mfanyabiashara mmoja yuko tayari kulipia chama kipya kiwahi uchaguzi wa rais wa 2027, mradi kiwe cha "watu wetu kwanza". Pole sana. Kuwasikia watu mliozunguka nao kwenye kampeni wakiitana wasaliti kunauma. Na hujakosea kuipenda siasa. Nchi yenu imezika wengi mno kwa sababu wenye hoja waliishia kushika bunduki.

Ugonjwa ulipoanzia

UPRONA, FRODEBU na FNL vyote vimepitia mpasuko kama wenu. Mkono wa serikali upo, sikatai. Lakini mkono huo hupata pa kushika. CNDD-FDD, chama tawala, ilikuwa jeshi la msituni hadi mapatano ya 2003. FNL, nayo ya msituni, ilisajiliwa kuwa chama mwaka 2009, baada ya kuliacha jina la Palipehutu lililotaja kabila. Msituni amri hutoka juu na haijadiliwi. Watu waliposhuka mjini, wengi walishuka na desturi hiyo. Kiongozi akawa ndiye chama. Chama cha namna hiyo hakihitaji kupigwa marufuku: anaondolewa mtu mmoja, anatambuliwa hasimu wake, na jina limeshachukuliwa. Mwaka 2010 FNL ilimtoka kiongozi wake Agathon Rwasa hivyo. Baadaye akaanzisha CNL, ikapata viti 32 bungeni mwaka 2020, na huko nako mkutano mkuu wa Machi 2024 ukamwondoa.

Hilo la "watu wetu"

Hapa sitapunguza sauti. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ulioanza mikononi mwa Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Mandela, ulizaa katiba ya 2005. Bunge likagawiwa Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, Watwa wakatengewa viti vitatu. Katika orodha ya chama, kati ya wagombea watatu wanaofuatana, wawili tu waweza kuwa wa kundi moja. Ndiyo maana kila chama kililazimika kubisha hodi kwa jirani. Mapungufu ni mengi, ila ugomvi wa vyama ulianza kuwa ndani ya makabila badala ya kuwa kati yake. Anayekuja na pesa kukurudisha nyuma ya hapo, anakuuza kabla hujajua bei yako.

Mkisusia

Wenzako wengine wanasema kaeni pembeni. Yaliyotokea 2010 yawafundishe. Baada ya uchaguzi wa komini, upinzani ulilalamikia wizi wa kura na kujitoa. Rais Nkurunziza wa CNDD-FDD akagombea urais peke yake. FNL, iliyoshika nafasi ya pili katika komini, ikabaki bila mbunge hata mmoja. Wafuasi wake wakauawa, wengine wakakimbia nchi. Na ukifungiwa nje bila kupenda, hali ni ile ile: Juni 2025 chama tawala kilizoa viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Katika bunge kama hilo, nani atauliza kuhusu foleni za mafuta?

Ningefanya hivi

Pesa ya tajiri msiipokee. Chama kipya kisianze sasa. Bakini kundi lenu la Buyenzi, na mjizoeze mambo ambayo vyama vikubwa havikuyazoea: kiongozi achaguliwe kwa kura ya siri na kwa muda maalumu, michango isomwe mbele ya wote, aliyeshindwa abaki na apewe kazi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo limevunja vyama vyenu. Waiteni na vijana wa mitaa msiyoizoea.

Majina ya wanachama myalinde. Orodha ikiangukia mikono mibaya, ni roho za watu. Imbonerakure, vijana wa chama tawala, wakiwachokoza, msijibu. Mikutano iwe mchana na kwa kibali. Umeandika kwamba mdogo wako anakufuata kila uendako. Basi hatua yoyote usiyotaka aichukue yeye, wewe usiichukue.

Tajiri mpelekee jibu mwenyewe, kwa heshima, ukiwa na shahidi, kabla hajachapisha kadi za uanachama zenye majina yenu.