Somo: Kumshukuru Mwuguzi

Mwuguzi anafanya kazi gani wakati ugonjwa unapoenea dunia nzima? Tutazame Uingereza mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipojaza hospitali.

Wagonjwa wengi walishindwa kupumua. Mganga aliagiza dawa, lakini mwuguzi ndiye aliyekaa karibu na kitanda usiku na mchana. Alichunga hewa ya oksijeni. Pamoja na wenzake alimgeuza mgonjwa alale kifudifudi, apate kupumua vizuri. Jamaa walipokatazwa kuingia, yeye alishika simu ili mgonjwa aone nyuso za watoto wake.

Watu waliona kazi hiyo. Tangu tarehe 26 Machi, kila Alhamisi saa mbili za usiku, walisimama milangoni wakapiga makofi, majuma kumi. Ni vema, maana heshima humtia mtu nguvu. Lakini siku zile zile wauguzi wengine walikosa mavazi ya kujikinga. Na tarehe 15 Desemba 2022 maelfu yao walisimamisha kazi, wakidai mshahara wa kutosha.

Basi tujifunze nini? Makofi peke yake hayazuii ugonjwa. Mshukuru mwuguzi kwa kinywa, kisha kwa matendo: nawa mikono kwa sabuni, shika maagizo yake, usimfiche ugonjwa wako. Nao wakubwa wampe barakoa, mipira ya mikono, na mshahara wake kwa wakati.

Maswali
1. Mwuguzi alimsaidiaje mgonjwa asiyeweza kupumua?
2. Wewe utamshukuruje mwuguzi wa kwenu?