ADABU YA KUINGIA DUKANI NA KIGARI



Wengi wetu hapa Wanging'ombe tukitumwa dukani huenda na kigari cha mbao, baiskeli ndogo au tairi la kusukuma kwa fimbo. Wakati wa masika magurudumu hubeba tope, na duka ni dogo, trei za mayai ziko chini. Tufanyeje?

1. Kiache nje, pembeni, mbali na barabara. Usizibe mlango. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, vipi wewe uuweke?

2. Ukihofia kuibiwa, toa salamu, kisha omba ruhusa. Ukiruhusiwa, kibebe mkononi. Ukikataliwa, usinune.

3. Ukivunja kitu, sema. Usikimbie.

Wengine hujitetea: "Mimi mtoto, sina dhambi." Ni kweli, asiyebaleghe haandikiwi dhambi. Lakini wanazuoni wamefundisha kuwa haki ya mwenye mali haianguki. Yai alilovunja mtoto hulipwa katika mali yake, hata zile shilingi zake za Idi. Ukikimbia, deni linabaki, na huenda akasingiziwa mwenzako.

Zoezi: Kwa nini mtoto asiye na dhambi hulipa alichovunja?