Wahudumu wangu wanaondoka kila mwisho wa mwezi

Shangazi, nasimamia mgahawa hapa Morogoro. Tangu Januari wahudumu sita wameacha kazi, wote siku moja mbili baada ya kupokea mshahara, ingawa tunalipa sawa na majirani. Sahani zikivunjika au mteja akitoroka bila kulipa, hasara tunawakata wote waliokuwa zamu ili wawe makini. Tajiri anasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Nifanyeje?

Meneja, Morogoro

Mwanangu, jibu limo ndani ya barua yako. Aliyechoka kazi huondoka siku yoyote; hao wa kwenu wanasubiri bahasha, wanahesabu, wanakuta pungufu kwa kosa la mwingine. Inaniuma, maana pesa hiyo ilishapangiwa kodi ya chumba na nauli.

Tena umakini mnaoutaka mnaufukuza wenyewe. Mzembe na mwangalifu mkiwakata sawasawa, mwangalifu ataondoka kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayepata kazi kwingine upesi.

Sheria nayo haiko upande wenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, akubali makato kwa maandishi, aelezwe kwa maandishi deni ni kiasi gani na limehesabiwaje, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kukata zamu nzima hakumo.

Ukienda kwa tajiri, usibishane naye kuhusu vijana. Mpelekee daftari: upande mmoja andika mlichokusanya kwa makato, upande wa pili siku mlizopoteza kufundisha wageni sita, oda zilizochanganywa na wateja wa kila siku waliohama. Mpe na njia nyingine: sahani zihesabiwe zamu zinapopokezana, na mteja alipie kaunta kabla ya kuhudumiwa.

Kisha kaa na waliobaki, uwasikilize bila kujitetea. Mkiweza, warudishieni mlichowakata mwezi uliopita. Usitegemee washangilie ukiwaambia makato ya pamoja yamekwisha, ahadi wamezisikia. Wataamini siku watakapofungua bahasha na kuikuta kamili.