Kufunua Andiko

Swali: Katika masomo yangu ya theolojia nakutana kila mara na neno la Kiingereza “exegesis”. Kamusi inanipa “ufafanuzi”, basi. Hakuna zaidi ya hapo?

Jibu: Lipo zaidi. Waingereza walilipokea neno hilo mwanzoni mwa karne ya 17, lakini asili yake ni Kigiriki: “ex” ni nje, na “hegeisthai” ni kuongoza. Yaani kuitoa maana ndani ya andiko na kuileta nje. Athens ya kale ilikuwa na wafasiri rasmi wa sheria za ibada walioitwa kwa jina la shina hilohilo.

Fungua Yohana 1:18. Kitenzi cha mwisho katika Kigiriki ndicho hichohicho, na Biblia ya Kiswahili ya Union imekitia “kufunua”. Mimi naona wafasiri wale walilenga shabaha: mtu hufunua chungu aone kilichomo, hatii chake. Anayetia chake wataalamu humwita kwa neno pacha, “eisegesis”, kwa kuwa “eis” ni kuingia ndani.

Kwa kazi hiyohiyo ya kufafanua andiko, Waislamu wana “tafsir” ya Kiarabu. Ajabu ni kwamba sisi tuliigeuza “tafsiri” kuwa kuhamisha maneno toka lugha moja hadi nyingine. Na ukikuta “Sherehe” nyuma ya diwani ya mashairi, usitafute pilau: ni maelezo ya maneno magumu, kutoka “sharh” ya Kiarabu.